Kuchagua mbegu mpya pamoja na wakulima: mwongozo wa hatua kwa hatua, kwa mfano wa maharage

Aina mpya ya maharage inaweza kumchukua mtafiti miaka minane, kumi au zaidi, kuanzia siku anapochavusha ua hadi siku aina hiyo inapoidhinishwa. Kisha inafika kijijini. Mama anaichemsha mara moja, inamaliza mkaa, mchuzi unatoka mwepesi kama maji ya kuoshea, na watoto wanauliza maharage ya siku zote yako wapi. Msimu unaofuata anarudi kwenye Kablanketi yake, maharage aliyoyazoea, na kwenye ripoti ya mradi inaandikwa kwamba wakulima bado hawajaelimika.

Mara nyingi mkulima huyo ameelimika vizuri tu. Hakuulizwa mapema.

Mwongozo huu ni wa mabwana na mabibi shamba, viongozi wa vikundi na wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), na watu wa mashirika wanaofanya kazi ya mbegu vijijini. Mfano mkuu ni maharage ya Nyanda za Juu Kusini, hasa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa. Mwenye mtama, karanga au muhogo atazitumia hatua hizi hizi, ila kwa marekebisho nitakayoyataja njiani.

Kabla ya hatua ya kwanza, jambo moja liwe wazi. Kumwita mkulima aje kupiga makofi kwenye shamba darasa wakati aina imeshapita, imeshapewa jina na imeshachapishwa vipeperushi, huko si kumshirikisha. Aingie wakati bado kuna cha kuchagua. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa maharage nchini Rwanda waliwaalika wanawake wenye ujuzi wa maharage kuingia kituo cha utafiti cha Rubona na kuchagua wenyewe aina zilizokuwa bado kwenye majaribio ya kituoni, miaka kadhaa kabla ya wakati ambao kwa kawaida zingefika kwa mkulima. Wale akina mama hawakutazama wingi wa maganda peke yake. Waliweza kusema ipi itavumilia kivuli cha migomba, ipi itafaa udongo uliochoka. Walizozichagua wakaenda nazo kwao, na katika mashamba mengi zikazaa kuliko michanganyiko yao ya kienyeji. Mtafiti anaijua mbegu, lakini shamba lile anayelijua ni mwenye shamba.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kuleta mbegu yoyote

Nenda kijijini mikono mitupu. Ukifika na mifuko ya mbegu kwenye pikipiki, kila utakachoambiwa kitakuwa cha kukupendeza ili mfuko ubaki.

Kaa na wanawake peke yao, wanaume peke yao, na vijana peke yao ikiwezekana. Panga saa ambayo akina mama wanaweza kufika. Kikao cha saa mbili asubuhi msimu wa palizi ni kikao cha wanaume na wazee. Mwombe kila mmoja aje na maharage anayopanda, hata konzi moja, mkayamwage kwenye ungo katikati. Hapo maneno yanakuja yenyewe: haya ni ya kuuza, haya ni ya kula, haya tunapanda Desemba ndani ya mahindi, haya tunasubiri Machi, haya ni ya kwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni.

Swali lenye utajiri kuliko yote ni hili: *ni aina gani mlikuwa mnapanda zamani mkaiacha, na kwa nini?* Swali la "mnataka mbegu ya namna gani?" linaleta jibu moja nchi nzima: inayozaa sana, inayokomaa haraka, isiyougua. Lakini aina iliyoachwa ina kisa chake. Ilikuwa tamu ila ikapigwa na kuoza mizizi. Ilizaa vizuri ila mnunuzi aliikataa kwa rangi. Iliiva haraka ila maganda yake yalipasuka shambani kabla watu hawajamaliza kuvuna mahindi. Andika visa hivyo kama vilivyosemwa.

Baada ya hapo wapeni vijiwe kumi kila mtu avigawe kwenye sifa mlizozitaja. Usishangae orodha zikitofautiana. Mara nyingi wanawake wataweka vijiwe kwenye muda wa kuiva, ladha, majani ya kuchuma mboga, na kuwahi kukomaa ili kuvusha njaa ya Januari na Februari. Wanaume wataweka kwenye bei na uzito wa gunia. Usizichanganye orodha hizo mbili zikawa moja, maana ukifanya hivyo anayepotea ni yule aliyesema kwa sauti ndogo.

Mwisho wa hatua hii uwe na karatasi moja tu: sifa tatu au nne ambazo aina isiyokuwa nazo haifai hata kuletwa, na nyingine ambazo ni nyongeza.

Hatua ya 2: Chagua aina za kujaribu, na usiisahau ya kwao

Peleka karatasi hiyo kwa mtafiti wa zao husika. Kwa maharage ya Nyanda za Juu Kusini huyo yuko kituo cha Uyole, Mbeya, cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI). Kwa kaskazini ni TARI Selian, Arusha. Majina yenyewe ya aina yanakueleza zilikotoka: Uyole 84, Uyole 94, Uyole 96, Njano Uyole, Calima Uyole kwa upande mmoja, Selian 94, Selian 97 kwa upande mwingine. Mwombe akuchagulie aina kati ya sita na kumi. Changanya zilizokwisha kuidhinishwa na zile zilizo njiani kama yuko tayari kuzitoa. Zikizidi kumi, wakulima wanachoka, na mtu aliyechoka huchagua kilicho karibu.

Kisha ongeza aina ya kwao, ile wanayoipanda kila mwaka. Hii si hiari. Bila aina ya kienyeji katika jaribio huna kipimo. Utajua kwamba aina D imeizidi aina F, na hakuna anayejali. Mbegu hiyo ya kienyeji ipatikane kwa mkulima anayesifika kwa kutunza mbegu, si ile iliyobunguliwa ikabaki stoo.

Hapa pia ndipo pa kuzungumza haki, mapema na kwa maandishi. Kwa Tanzania kuna Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 na Sheria ya Haki za Wagunduzi wa Mbegu za Mimea ya mwaka 2012, na nchi imejiunga tangu 2015 na UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea. Upande wa pili kuna Mkataba wa Kimataifa wa Rasilimali za Kijenetiki za Mimea kwa Chakula na Kilimo wa mwaka 2001, ambao ibara yake ya 9 inazungumzia haki za wakulima, pamoja na haki ya kugawana faida na ya kushiriki katika maamuzi. Wakulima wakiambiwa haya kwa lugha nyepesi wanauliza maswali ya maana: tukitoa mbegu yetu, ikazalishwa aina mpya kutokana nayo, itakuwa ya nani? Tukiipenda hii ya majaribio, tunaruhusiwa kumpa jirani? Mjibu yale mliyokubaliana na taasisi, na yaandikwe. Wajue pia kwamba aina ambayo haijaidhinishwa haiuzwi kama mbegu.

Hatua ya 3: Tafuta wakulima, si "wakulima wa mfano" tu

Ukimwachia mwenyekiti wa kijiji akupe orodha, utapewa mwenyekiti, mdogo wake, na mkulima mwenye trekta. Hao hawana kosa, lakini mashamba yao yanapata mbolea na palizi mbili kwa wakati. Unataka pia mjane anayelima robo ekari, kijana anayekodi shamba, na yule mwenye kipande cha mlimani ambacho mvua imebeba udongo wake wa juu. Kama aina inafaa kwa tajiri pekee, ni vizuri kulijua hilo sasa.

Ishirini hadi thelathini kwa kijiji au kata wanatosha, nusu yao wakiwa wanawake. Kubalianeni mambo machache: mavuno yote ni ya mkulima baada ya kupimwa, kipande kitakuwa kidogo kiasi kwamba kikiharibika familia haitalala njaa, na mkulima yuko huru kusema "sijaipenda" bila mtu kununa. Hilo la mwisho lirudie mara kwa mara. Utamaduni wetu wa kumheshimu mgeni unaharibu majaribio mengi. Watu wanasifia mbegu mbaya kwa adabu tu.

Hatua ya 4: Panda shamba mama na mashamba watoto

Mpangilio huu ulianza Malawi katika miaka ya 1990 na umeenea kwa sababu unaeleweka haraka. Shamba mama ni moja, mahali pa wazi ambapo kila mtu anaweza kufika; lina aina zote, zimerudiwa mara mbili au tatu. Mashamba watoto yako kwa wakulima, kila mmoja na aina chache, akizihudumia kwa namna yake ya siku zote.

Kwa mashamba watoto napendelea kila mkulima apate aina tatu tu, kwenye bahasha zilizoandikwa A, B na C, bila majina, na ya nne iwe mbegu yake mwenyewe. Bahasha ya A ya mama mmoja si lazima iwe A ya mwenzake. Wewe unayo daftari linaloonyesha nani kapata nini, na umezigawa ili kila aina itokee mara sawa na nyingine. Mkulima hatakiwi kutoa alama za asilimia. Anasema ipi bora kati ya tatu na ipi ya mwisho. Mtu yeyote anaweza kulijibu hilo, hata kwa simu. Watafiti huita mbinu hii trikoti, na ukizikusanya tatu-tatu za watu thelathini unapata mpangilio wa aina zote.

Vipimo vya kipande kimoja cha maharage yasiyotambaa:

- mistari minne, kila mmoja mita 4, nafasi kati ya mistari sentimita 50;
- mbegu moja kila sentimita 10, yaani mbegu 40 kwa mstari, 160 kwa kipande;
- kwa maharage ya ukubwa wa kawaida, ambayo mbegu 100 zina uzito wa gramu 40 hivi, gramu 80 kwenye bahasha zinatosha na za kurudishia zinabaki.

Wakati wa kuvuna pima mistari miwili ya katikati tu, maana ya pembeni hupata jua na nafasi zaidi. Mistari hiyo miwili inachukua mita 4 za mraba. Ekari ina mita za mraba zipatazo 4,047, kwa hiyo hesabu inakuwa ya kichwani: kila gramu uliyopata hapo ni karibu kilo moja kwa ekari. Gramu 600 zilizokauka vizuri ni kama kilo 600 kwa ekari. Wakulima wanaipenda sana hesabu hii kwa sababu wanaifanya wenyewe na mizani ya duka, bila kumsubiri mtu wa kompyuta. Waambie tu kwamba vipande vidogo hudanganya kidogo kwa kuzidisha. Itumieni kulinganisha aina, msiitumie kuombea mkopo.

Shamba mtoto lisipewe mbolea ambayo mkulima huyo hainunui. Jaribio lililopigwa DAP na kupaliliwa na vibarua wa mradi linaonyesha uwezo wa mradi, basi. Ukitaka kuona aina inafanyaje kwa mbolea, fanya hivyo kwenye shamba mama, upande mmoja na mbolea na upande mwingine bila.

Hatua ya 5: Tathmini shambani, mara mbili

Mara ya kwanza maganda yanapojaa, majani yakiwa bado mabichi, ili watu waone magonjwa: kutu, chule, yale madoa yenye pembe kwenye majani. Mara ya pili wakati wa kukomaa, ambapo wanaona wingi wa maganda, kama yanagusa ardhi na kuoza, na kama yote yanakomaa pamoja.

Namna ya kupiga kura inastahili uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Weka kwenye kila kipande mfuko wa karatasi uliofungwa juu, wenye tundu dogo. Kila mwanamke apewe punje tatu za maharage, kila mwanaume punje tatu za mahindi, wazidumbukize kwenye aina tatu walizozipenda. Baadaye ukifungua mifuko unajua nani kachagua nini bila kuuliza jina. Mfuko wazi haufai. Nimeona mtu akichungulia, akakuta mbili tatu zimo, akaongeza ya kwake papo hapo. Watu pia wasitembee kwa msururu. Msururu unaongozwa na diwani au mwenyekiti, anasimama kwenye kipande cha pili, anasema "hii kali", na punje zote arobaini zinaishia hapo. Wagawe katika vikundi vidogo, kila kikundi kianzie kipande tofauti, na wakubwa waombwe kwa heshima wapige kura mwishoni.

Kabla ya kuhesabu, rudi na kundi kwenye kipande kilichopata kura nyingi na kile kilichokosa, waulize sababu. Bila sababu una namba tu. Aina ikikataliwa kwa sababu inatambaa na kuyaangusha mahindi waliyochanganya nayo, mtafiti anaweza kuwatafutia nyingine isiyotambaa. Ikikataliwa kwa "hatuipendi", hana la kufanya. Hata maharage ya kupanda, yale ya kusimikiwa miti, ambayo huzaa sana na yamepokelewa vizuri milima ya kaskazini mwa Rwanda, hukwama pale ambapo miti ya kusimika haipatikani. Shida iko porini, na mbegu haina lawama.

Kwa wenye muhogo: msiamini majani peke yake. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia unaweza kuuharibu muhogo ndani huku shina likionekana zima. Tathmini ya muhogo ni ya kuvuna, kukata na kutazama.

Hatua ya 6: Peleka mbegu jikoni

Miradi mingi huiruka hatua hii, au huifanya kwa dakika ishirini mwishoni mwa sherehe. Itengee siku nzima. Aina nyingi zilizoshinda shambani zimeshindwa jikoni.

Vitu vinavyohitajika: sufuria za ukubwa mmoja, majiko ya mkaa yanayofanana, mizani, saa, na akina mama wanne au watano ambao kijiji kinawakubali kwa mapishi. Maharage yote yawe ya mavuno ya msimu mmoja, yaliyohifadhiwa pamoja. Maharage yaliyokaa muda mrefu huchelewa kuiva hata kama ni ya aina nzuri, na ukiyalinganisha na mapya umelidhulumu jaribio lote.

Pima nusu kilo ya kila aina, maji kiasi kilekile, mkaa wa kupima kwenye kopo lilelile. Kama kijijini watu hawaloweki, usiloweke. Chumvi isiingie hadi yaive, na magadi yasiguswe kabisa, maana magadi yanaficha tofauti unazozitafuta. Andika dakika tangu maji yanapochemka hadi mpishi atakaposema yameiva. Achote punje kadhaa, azibonyeze kwa vidole. Zikisagika zote bila kiini kigumu, yameiva. Pima mkaa uliobaki. Mama anayenunua mkaa kwa kopo ataielewa hesabu hiyo kabla hujamaliza kuieleza.

Kisha gawa kwenye bakuli zenye herufi. Kwanza yaliyochemshwa na chumvi peke yake, ili ladha ya maharage yenyewe isikike. Halafu yaliyoungwa kitunguu na nyanya kama watu wanavyokula. Uliza kuhusu rangi na uzito wa mchuzi, ganda kubaki mdomoni, punje kuvunjika au kubaki nzima, na kama yanafaa makande. Acha mengine hadi kesho yake. Familia nyingi hupika mara moja na kula mara mbili, na kiporo kinachochacha au kuwa kigumu kina hasara yake. Tumbo kujaa gesi watu wanaona aibu kulisema. Muulize bibi mmoja pembeni, atakuambia la kwake na la wengine wote.

Aina zinazopita mtihani huu hudumu. Angalia mpunga: Supa haiongozi kwa mavuno, lakini harufu na ladha yake zimeifanya iendelee kupandwa miaka nenda miaka rudi, na SARO 5, yaani TXD 306, ilipokelewa haraka kwa sababu ilizaa zaidi bila kupoteza harufu yote. Bukoba nako ndizi ya kupika isipogeuka njano na kulainika, hata mkungu wake ukiwa mkubwa namna gani, haitaitwa chakula.

Hatua ya 7: Ipeleke sokoni

Chukua nusu kilo ya kila aina, na ya kienyeji, kwenye mifuko inayoonyesha. Mpelekee mnunuzi wa jumla anayekuja na fuso, muuzaji wa rejareja sokoni na mama ntilie. Waulize maswali mawili: ungeinunua debe kwa bei gani leo, na ungeichanganya na ipi? Swali la kuchanganya ni muhimu. Maharage yasiyofanana na kundi lolote linalojulikana hubaki kwenye gunia, na mnunuzi atatoa bei ya "mchanganyiko". Fuatana na mkulima mmoja au wawili ili wasikie wenyewe.

Hatua ya 8: Kikao cha uamuzi

Rudisha matokeo kijijini kabla ya kuyapeleka wilayani. Bandika karatasi kubwa: mavuno, kura za wanawake, kura za wanaume, dakika za kuiva, bei ya mnunuzi. Usijumlishe kupata alama moja. Acha watu wabishane. Inawezekana kabisa wakachagua mbili: moja ya kuuza, moja ya kula na kuvusha njaa. Hilo ni jibu zuri kuliko "mshindi" mmoja.

Kama aina waliyoichagua bado haijaidhinishwa, matokeo haya yaende kwa mtafiti yakiwa na sababu zote, kwa sababu aina hiyo itapimwa na TOSCI, Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu Tanzania, kuona kama ni tofauti na nyingine, inafanana yenyewe kwa yenyewe, haibadilikibadiliki, na ina faida kwa mkulima. Sauti ya wakulima kwenye faili lile ina uzito. Ikipewa jina rasmi na kijiji kikaipa la kwake, andikeni yote mawili kwenye kila mfuko, la sivyo baada ya miaka mitatu hakuna atakayejua anauziwa nini.

Tathmini ya msimu mmoja haitoshi. Rudieni hatua ya 4 hadi ya 7 mwaka wa pili, mkiwa mmepunguza aina zikabaki tatu au nne.

Hatua ya 9: Mbegu ipatikane, tena karibu

Kuwaamshia watu hamu ya mbegu isiyokuwepo ni kuwaudhi. Anza kuizalisha mwaka wa pili wa majaribio, kabla ya uamuzi wa mwisho, hata kwa kubahatisha mbili zinazoongoza.

Hesabu ya maharage ni hii. Ekari moja kwa nafasi tuliyotumia juu inahitaji mbegu kilo 32 hivi, weka 35. Ikizaa kilo 600, ukichambua na kutupa zilizopasuka na zenye madoa ukabaki na 500, una mbegu ya kupanda ekari kumi na nne, au mifuko 500 ya kilo moja. Hiyo mifuko midogo ndiyo inayosambaza aina kijijini. Mkulima mdogo hawezi kuhatarisha shamba zima kwa kitu kigeni, lakini kilo moja au nusu kilo anainunua bila kumwomba mtu ruhusa, na mwanamke anaweza kuilipa kutoka kwenye hela yake ya mboga. Iuze, hata kwa bei ndogo. Mbegu ya bure huliwa.

Mbegu ya msingi ipatikane kwa taasisi ya utafiti au Wakala wa Mbegu za Kilimo, ASA. Kwa kikundi cha kijijini njia inayofaa kwa kawaida ni mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, ambazo wengi huziita QDS tu: wazalishaji wanasajiliwa, wanapewa mafunzo, shamba linakaguliwa, na mbegu inauzwa ndani ya eneo lililoruhusiwa. Ongea na ofisi ya TOSCI ya kanda na afisa kilimo wa wilaya kabla ya kupanda, si wakati wa kuvuna, kwa sababu shamba lililokwisha kuvunwa halikaguliwi.

Mambo ya kusimamia kwenye shamba la mbegu: usipande pale palipopandwa maharage msimu uliopita, ng'oa mimea yenye rangi tofauti ya ua na yenye batobato mapema, vuna maganda yakiwa makavu na usipure kwa kishindo hadi mbegu zikapasuka. Kujua kama zimekauka, weka konzi ya maharage na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, acha dakika kumi na tano. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, rudisha juani. Kisha hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa ili wadudu wanaobungua wafe humo humo. Kabla ya kuuza, otesha mbegu 100 kwenye kitambaa chenye unyevu au mchanga. Baada ya siku saba zikiota chini ya 80, hayo ni chakula.

Ua la maharage hujichavusha lenyewe, hivyo mkulima anaweza kutunza mbegu yake misimu kadhaa bila kuharibika sana. Mahindi sivyo: chotara haitunzwi, na hata mahindi ya kawaida yanahitaji kutengwa mbali na ya jirani. Muhogo unaongezeka polepole na vijiti ni mzigo kusafirisha, kwa hiyo shamba la vijiti liwe ndani ya kata na lianze mapema zaidi ya unavyodhani.

Hatua ya 10: Rudi msimu ambao hukutoa kitu

Kuhesabu waliopokea mbegu ni rahisi na hakuna maana kubwa. Rudi baada ya misimu miwili, usiwe na mifuko, uulize: ulipanda tena mwaka huu? Mbegu uliitoa wapi? Sehemu gani ya shamba? Ulimpa au ulimuuzia nani? Mwenye kuipanda mara ya pili kutoka kwenye mavuno yake ndiye aliyeipokea. Wafuate na wale aliowapa, hata wakiwa kijiji kingine. Huko ndiko utakakokuta aina imepewa jina jipya na inapandwa kwa namna ambayo hukuifikiria.

Tumia muda mrefu zaidi kwa walioiacha. Wapo watakaokuambia ukweli sasa kwa kuwa mradi umeondoka: mbegu iliisha nyumbani mwezi wa njaa, mume aliiuza yote, mnunuzi alibadilisha rangi anayoitaka, inzi wa maharage walimaliza miche. Tenganisha sababu za aina na sababu za mbegu kukosekana. Za kwanza mpelekee mtafiti kabla hajaanza kuchavusha tena, akiwa bado anaamua ni wazazi gani atawaoanisha. Za pili ni kazi ya kikundi, halmashauri na wazalishaji wa mbegu.

Maswali hayo yaulize pia kwa wauzaji wa pembejeo wa eneo hilo. Wao wanajua nani alirudi kuulizia mfuko wa pili.